Zimeni hizo video kwa matatu

Asubuhi mapema matatu imejaa watoto na yunifomu, halafu skrini pale mbele inaonyesha watu karibu uchi wakikatika, matusi yanatoka kwa spika, na ukimwomba kondakta abadilishe anakujibu eti vijana ndio wanapenda. Vijana gani na hapa kuna mtoto wa chekechea, PP2, ameduwaa? Kenya stesheni za tivii haziruhusiwi kurusha mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na filamu za kuonyeshwa hadharani lazima zipitie KFCB, ile bodi ya kukagua filamu, sasa mbona barabarani kila mtu anajifanyia tu? Mzazi amefunga chaneli nyumbani, simu ameficha, alafu nauli yake ndio inalipia huo uchafu. Wekeni hata mpira jameni, ama mzime hadi watoto washuke.