Kushindwa kesi tano si usumbufu

Sheria ya California inayowabana wadai wasumbufu ni ya mwaka 1963, na kasoro yake imo kwenye hesabu. Kwa kifungu cha 391, mtu aliyeendesha mwenyewe bila wakili mashauri yasiyopungua matano ndani ya miaka saba, na yote yakaamuliwa dhidi yake, anaweza kutangazwa mdai msumbufu. Kesi za madai madogo hazihesabiwi. Shauri aliloliacha likae miaka miwili au zaidi bila sababu ya msingi wala kufika kwenye usikilizwaji, hilo linahesabiwa.

Kigezo hicho hakiulizi kama mashauri yenyewe yalikuwa ya upuuzi. Mpangaji anayeangushwa na taratibu kila mara, leo kachelewa kufungua, kesho kakosea wa kumshitaki, anaingia kapu moja na anayemburuta jirani mahakamani ili kumkomoa tu. Jaji ana hiari ya kutoa zuio, yaani amri ya kumkataza asifungue kesi mpya bila wakili hadi apate kibali, au kutolitoa, sawa, lakini hiari si kigezo.

Mahakama za shirikisho zinazokaa humo humo California zina utaratibu ninaouona bora. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa wa mwaka 1990 unadai mambo manne: mhusika ajulishwe na asikilizwe, kesi zake ziorodheshwe, jaji aeleze upuuzi au bughudha iko wapi, kwa kutazama idadi na yaliyomo, na zuio lisivuke tatizo lililopo. Hilo la tatu ndilo linalokosekana kwenye hesabu ya tano kwa saba.

Zuio likishatoka, jina linaingia kwenye orodha ya Baraza la Mahakama ya jimbo. Kesi mpya bila wakili inahitaji kibali cha jaji msimamizi: unajaza fomu VL-110 na kuambatisha hati unayotaka kuifungua. Wengi huharibu hapa, wanajaza kurasa za dhuluma za zamani, ilhali jaji anatafuta mawili tu: dai lina mashiko, na halikuletwa kusumbua wala kuchelewesha. Karani akiipokea kesi kimakosa, mdaiwa anawasilisha taarifa, shauri linasimama papo hapo, na mdai asipopata kibali ndani ya siku 10 linafutwa.

Zuio halina ukomo. Kuliondoa, kwa kifungu cha 391.8, lazima uonyeshe kuwa mambo yamebadilika kweli kweli na kwamba haki inataka liondolewe. Ukikataliwa, huruhusiwi kuomba tena kwa miezi 12.