Asilimia moja ya kikapu: shule inapata nini hasa?

Wazo hili halikosi kwenye mikutano ya wazazi: supamaketi ikubali kutenga sehemu ndogo ya kila ununuzi, tuseme asilimia 1, iende kwa shule aliyoichagua mteja. Mzazi haongezi hata senti, duka linapata wateja, shule inapata chaki. Kwa maneno halina ubaya. Ugumu unaanza mtu akishika kalamu.

Tuchukue shule ya msingi ya umma kule Likoni, Mombasa, yenye wanafunzi 600, kutoka familia kama 350. Familia za huko hununua zaidi kwa duka la jirani: unga nusu, sukari robo, mafuta ya kupimiwa, na risiti hakuna. Tukadirie robo yao, familia 88, ndio wanaokwenda supamaketi, kila mmoja kwa Sh6,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh528,000, na asilimia 1 yake ni Sh5,280 kwa mwezi, Sh63,360 kwa mwaka. Lakini si kila ununuzi utahesabiwa. Keshia akisahau kuuliza nambari ya simu ambayo mzazi amejisajili nayo dukani kabla ya kufunga hesabu, kwa kawaida pointi za ununuzi huo haziingii tena risiti ikishatoka. Akiuliza, pengine aliyetumwa ni mtoto na nambari ya mamake haijui. Nusu ikipotea hivyo, shule inabaki na Sh31,680.

Sasa ivuke hesabu hiyohiyo hadi Nyali, mtaa wenye uwezo wa jiji hilohilo. Familia ni zilezile 350, ila 280 hununua supamaketi, kwa Sh20,000 kwa mwezi. Asilimia 1 inakuwa Sh56,000 kwa mwezi, Sh672,000 kwa mwaka. Hata nusu ikipotea, ni Sh336,000. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kile ilichopata Likoni, kwa idadi ileile ya familia. Takwimu hizi ni za mfano, na kila shule iweke zake, lakini ubadilishe utakavyo, mwelekeo ni uleule: fedha zinafuata kikapu, hazifuati upungufu. Hili ndilo kosa kubwa la mpango wenyewe, na hakuna ufundi wa programu ya simu utakaoliondoa.

Wanaoutetea nao wana hoja, na si dhaifu. Serikali imekadiria Sh1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kwa hiyo shule yetu ya Likoni ingetarajia Sh852,000. Fedha hizo huja kwa mafungu, kila fungu na kazi yake, na mara nyingi huchelewa. Mwalimu mkuu aliye na fungu la vitabu hawezi kulitumia kutengeneza mfereji uliopasuka. Sh2,640 kwa mwezi zisizo na masharti zinanunua sabuni ya choo, wino wa kuchapisha mitihani, kufuli la stoo. Ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyomfanya mwalimu atoboe mfuko wake.

Kisha kuna aibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo kwenye shule za umma, na michango mingine inahitaji idhini ya wizara. Hata hivyo kila mzazi anajua vile "mchango wa hiari" unavyogeuka orodha ya majina inayosomwa mkutanoni. Fedha zinazopitia dukani hazina orodha. Hakuna anayejua nani amechangia nini, wala mtoto harudishwi nyumbani. Mjomba asiye na mtoto shuleni, au aliyesoma hapo zamani na sasa anakaa Bamburi, anaweza kuichagua shule hiyo bila kuombwa na mtu. Kwa upande huu mpango unashinda harambee.

Walioanza mapema wanatufundisha mengi. General Mills ya Marekani ilianzisha Box Tops for Education mwaka 1996: mzazi anakata kipande kwenye boksi la nafaka, kila kipande kinahesabiwa senti 10 za dola. Kazi ilikuwa ya wazazi wa kujitolea: kukusanya, kutupa vilivyopitwa na tarehe, kuvifunga hamsini hamsini na kuvituma kwa posta kabla ya siku ya mwisho. Mwaka 2019 kampuni ikahamia simu, mteja anapiga picha risiti ndani ya siku 14. Makasi yakaondoka, lakini mzazi asiye na simu ya maana akaachwa nje pamoja nayo. Campbell, kampuni ya supu, nayo ilikuwa na mpango wake wa lebo tangu 1973, ukafungwa 2016.

AmazonSmile, mpango wa duka la mtandaoni la Amazon, ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa makini. Ilitoa asilimia 0.5 ya manunuzi kwa taasisi aliyoichagua mteja, na ilifungwa Februari 2023. Sababu iliyotolewa na kampuni yenyewe ni kwamba taasisi zilikuwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo wastani wa kila moja haukufika dola 230. Ukiacha kila mteja achague popote, jumla inakuwa kubwa ya kutangaziwa na mgao unakuwa mdogo wa kutumiwa. Duka la Mombasa likifungua mpango kwa shule zote za kaunti, litafika pale pale. Shule tano au sita kwa mwaka mmoja, kisha zipishe nyingine, ni utaratibu wenye maana zaidi, japo hauna mvuto kwa idara ya matangazo.

Uingereza ilionyesha upande mwingine. Mwaka 2003 Cadbury ilitoa vifaa vya michezo kwa kubadilishana na karatasi za chokoleti. Shirika la Food Commission likapiga hesabu: ili shule ipate nguzo na nyavu za voliboli, lazima chokoleti 5,440 ziliwe. Kwetu hatari si chokoleti, ni soda, biskuti na juisi za unga. Kampuni ya bidhaa moja ikija na mpango wa vifuniko na pakiti, jibu linalofaa ni kukataa, hata kama shule ina shida. Mtoto anayeambiwa na mwalimu alete vifuniko amegeuzwa mchuuzi. Asilimia ya kikapu kizima ni afadhali, kwa sababu inahesabu mchele na sabuni vilevile.

Bodi ikiamua kuingia, maneno yote yawekwe kwenye karatasi kabla ya picha ya hundi kubwa ya kadibodi. Kwanza, asilimia ya nini? Risiti ya Sh1,160 ya bidhaa zenye VAT ya asilimia 16 ina Sh1,000 tu za mauzo. Asilimia 1 ni Sh10, si Sh11.60. Unga wa mahindi, maziwa na muda wa simu vimo au vimeondolewa? Bidhaa hizo mara nyingi faida yake ni ndogo na duka hupenda kuziacha nje, ilhali kikapu cha Likoni kimejaa hizo hizo. Pili, malipo yaje kila robo mwaka, yakiambatana na orodha ya mauzo ya kila mwezi. Pasiwe na kima cha chini ambacho shule isipokifikia inapoteza kila kitu. Tatu, tarehe. Mpango wa miezi mitatu ukianza baada ya Idi umeshakosa manunuzi ya Ramadhani, wakati nyumba nyingi za Mombasa hununua tende, ngano, mchele na sukari kuliko mwezi mwingine wowote. Na Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mkataba wa mwaka mzima ndio salama.

Fedha ziingie akaunti ya benki ya shule, ziandikwe vitabuni kama pato jingine lolote. Zikipitia simu ya mwalimu au ya mwenyekiti wa wazazi, hata kwa wiki moja, ugomvi hauko mbali.

Kuna na habari ya majina. Shule isikabidhi duka orodha ya nambari za wazazi. Kila mzazi ajisajili mwenyewe. Nambari ya simu, kikapu chake na shule ya mtoto vikikaa pamoja ni taarifa za familia nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi pale data ya mtoto inapoguswa. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kwa hiyo hata ile picha ya watoto wakishika hundi ina gharama yake.

Na duka lenyewe linaweza kuanguka. Nakumatt ilikuwa na matawi nchi nzima, hapa Nyali na Likoni pia, na kadi ya pointi iliyojaa kwenye pochi za watu. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Pointi si fedha mpaka zilipwe. Bajeti ya shule isizihesabu kabla hazijafika.

Ajabu ni kwamba shule nyingi zinakimbilia kikapu cha mzazi na kusahau chao. Shule yenye watoto 400 wanaokula chakula cha mchana, kila mmoja kwa gramu 100 za mahindi na 60 za maharagwe, inapika kilo 40 na kilo 24 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni magunia 80 ya mahindi na 48 ya maharagwe, ya kilo 90. Muuzaji wa jumla akipunguza Sh200 kwa gunia, shule imeokoa Sh25,600. Hazipungui sana zile Sh31,680 za supamaketi, na hazimtegemei keshia, simu wala nambari ya mama. Tena duka la jumla la mtaani laweza kuwa jirani wa shule ya Likoni au Changamwe kwa namna ambayo supamaketi si jirani.

Bei hiyo ikiafikiwa, mzigo usiletwe wote mara moja. Hewa ya Pwani ni ya unyevu, na mahindi yanayopita asilimia 13.5 ya unyevu huweza kuota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yakiwa stooni. Mkataba useme magunia mawili au matatu ya mahindi kwa wiki, yapimwe unyevu mlangoni, yapangwe juu ya mbao mbali na ukuta, na gunia lililolowa lirudi na gari lililolileta.