Haso: neno lililoanza kwa kutikisa kofia

Jumamosi moja nilikwenda Kariakoo kumtafutia mtoto viatu vya shule. Sijamaliza hata hatua ishirini Mtaa wa Kongo, mkono ukanidaka kiwiko. "Bosi wangu, viatu? Namba ngapi? Twende dukani kwangu hapo." Duka halikuwa lake. Nililijua hilo, naye alijua kwamba nimelijua, tukaongozana. Akanikalisha kwenye stuli ya plastiki, akamkonyeza mwenye duka, akashusha boksi na kutaja shilingi 35,000. Mwenye duka akawa anatazama feni. Tukavutana mpaka 28,000. Kijana akapokea hela, akahesabu 22,000 na kumkabidhi mwenye duka mbele yangu bila kificho, zile 6,000 zikazama mfukoni mwake. Hiyo ndiyo cha juu, na kijana wa namna hiyo huitwa winga. Jina limetoka uwanja wa mpira: winga hukimbia pembeni na kumlisha aliye ndani. Nikamuuliza kazi inakwendaje. Hakutaja biashara, hakutaja ajira. "Haso tu, kaka. Tunapambana."

Haso ni hustle ya Kiingereza iliyokwisha kuvuliwa viatu na kuingia ndani kwetu. Kenya wanaijua kwa hasla na mahasla, sisi Tanzania tuna haso na kuhaso. Watu wanaitumia kutwa nzima, na ndiyo maana mjadala wake haufi: kuna wanaosema ni neno la heshima, jina la mtu anayejitafutia bila kusubiri kuletewa, na kuna wanaosema ni neno la wezi lililovalishwa suti. Wote wawili wana ushahidi.

Tuanze na ukoo wake. Waingereza walilipata kwa Waholanzi katika karne ya 17. Kwa Kiholanzi hutselen ni kutikisa, kurusharusha. Ulikuwapo mchezo wa kamari ambapo sarafu zilitiwa ndani ya kofia, zikatikiswa, zikamwagwa, watu wakaona nani kala na nani kaliwa. Katika karne ya 18 neno likahama kutoka kwenye kofia likaingia kwenye umati: ku-hustle mtu kukawa ni kumsukuma, kumbana, kumpiga kumbo. Hapo wachomozi wa London wakalipenda. Mmoja anakusukuma, mwingine anakuomba radhi, wa tatu ameshaondoka na pochi yako. Mwanzoni mwa karne ya 19 hustler alikuwa mwizi, basi.

Kule Marekani likakutana na watu wenye haraka. Kwanza likawa ni kupata kitu upesi kwa njia isiyoulizwa sana. Kufikia miaka ya 1880 lilikuwa na maana ya kuuza kwa nguvu, kumganda mteja mpaka anunue. Na katika muongo huohuo, hapo ndipo pananifurahisha, hustler akaanza pia kuwa sifa: mchapakazi, mtu asiyelala. Mwizi na mchapakazi wakawa wanaitikia jina moja. Karne ya 20 ikaongeza wengine: kahaba, na yule mcheza pool anayejifanya hajui kushika fimbo mpaka dau lipande. Malcolm X, kabla hajawa mhubiri, alikuwa hustler wa Harlem miaka ya 1940, na neno hilo alilitumia mwenyewe kuyaeleza maisha yake ya kamari, madawa na wizi. Hakuwa anajisifu.

Kwa hiyo mkono ulionidaka kiwiko Kariakoo, bila kujua, ulikuwa unafanya hustle ya karne ya 18 kabla ya kufanya ile ya karne ya 19.

Sasa Kenya. William Ruto aliingia kwenye uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 akiwa amelibeba neno hili kama wengine wanavyobeba bendera. Yeye ni hasla, mtoto aliyeuza kuku kando ya barabara. Upande wa pili ni wana wa nasaba, Uhuru Kenyatta mtoto wa rais wa kwanza na Raila Odinga mtoto wa makamu wa kwanza wa rais. Alama ya chama chake ilikuwa toroli, kaulimbiu yake Kazi ni Kazi. Wapinzani hawakuchelewa kufungua kamusi: hasla maana yake tapeli, mnamchagua tapeli? Wapiga kura waliisikia hoja hiyo, wakampa asilimia 50.49.

Hapo ndipo upande wa kwanza una nguvu zake. Asili ya neno haithibitishi kitu kuhusu anayelitumia leo. Mtazame bepari. Neno limetoka Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu, mtu wa kawaida mwenye duka na daftari. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, hapa kwetu bepari akawa mnyonyaji, akachorwa na tumbo kubwa na sigara. Ikiwa jina safi linaweza kuchafuliwa namna hiyo ndani ya kizazi kimoja, kwa nini jina chafu lisiweze kuoshwa? Muuza mahindi wa Eldoret anapojiita hasla hana habari na wachomozi wa London. Maana ya neno iko kinywani mwake na masikioni mwa wenzake, kamusi inakuja nyuma ikihema.

Tena kuna swali la nani hutoa majina. Kijana yuleyule wa Kariakoo, au tuseme baba yake, mwaka 1983 aliitwa mzururaji. Sheria ya Nguvu Kazi ikawa inamkamata mjini na kumrudisha shamba. Baadaye akaitwa mmachinga, jina la watu wa Lindi lililobandikwa kwa kila anayetembeza bidhaa hata kama kwao ni Tarime. (Wapo wanaoapa kwamba machinga ni Kiingereza cha mtu anayetembea kwa mwendo wa askari. Hadithi tamu, lakini Machinga ilikuwapo Lindi kabla ya mtembeza mashati yeyote.) Desemba 2018 Rais Magufuli akagawa vitambulisho 670,000 kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwenye nacho akawa mjasiriamali mdogo, yaani jasiri wa mali. Mzururaji, mmachinga, mjasiriamali: mtu ni yuleyule, na majina yote matatu amepewa. Haso amejichukulia mwenyewe. Kumnyang'anya na hilo kwa sababu ya mchezo wa kofia wa Waholanzi ni kumwonea.

Mpaka hapo mimi niko naye. Ugumu unaanzia pengine.

Kiswahili cha soko kina majina mengi, na kila jina lina mpaka wake. Mchuuzi ananunua na kuuza kidogokidogo. Dalali, Mwarabu kwa asili, ni mwonyesha njia: anakuunganisha na mwenye nyumba na kila mtu Dar es Salaam anajua ada yake ni kodi ya mwezi mmoja, uipende usiipende. Mpiga debe anapiga kelele ili basi lijae, analipwa na basi, abiria hadaiwi kitu. Mlanguzi anaficha sukari ipande bei. Tapeli anakuuzia kisichokuwapo. Ukimwita mtu kwa jina lisilo lake hapa, mtagombana, kwa sababu kila jina limebeba hukumu yake. Mchuuzi ukimwita mlanguzi umemtukana.

Haso imefuta mipaka hiyo yote. Winga aliyenipandishia viatu kwa 6,000 yuko kwenye haso. Winga mwenzake anayeuza kopi na kuapa kwa jina la mama yake kwamba ni orijino, naye yuko kwenye haso. Hata yule anayekutumia ujumbe, "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani," ukimkuta mtaani jioni atakwambia siku imekuwa ngumu, haso haziendi. Hakuna mahali ndani ya neno hilo ambapo aibu inaingia. Sijawahi kumsikia mtu akijiita tapeli kifua mbele, ila nimewasikia matapeli wakijiita wahasoji.

Mtu wa upande wa kwanza atanijibu kwamba Kiswahili kilikuwa na ugonjwa huu zamani, na atakuwa sahihi. Mjanja tunamsifu na tunamkimbia. Sungura wa ngano zetu anaiba, anadanganya, na watoto wanamshangilia. Na kuhusu siasa, lugha yetu ilishafungua mlango kabla Ruto hajafikiria toroli. Kupiga debe kulianza na debe lenyewe, lile bati la mafuta ya taa linalopigwa ili watu wageuke. Kukahamia stendi, kukahamia kampeni, na leo tunampigia debe mgombea bila kukumbuka bati. Kunadi ni kazi ya mnadani, na wagombea wetu wananadi sera na wanajinadi wenyewe kama marobota ya mitumba. Tofauti moja tu: mgombea anayepigiwa debe hatuambii kwamba yeye ndiye mpiga debe. Anabaki kuwa bidhaa. Ruto alidai kuwa muuzaji, akasimama upande wa walioko juani, ingawa wakati anasema hivyo alikuwa naibu rais kwa mwaka wa tisa.

Na hilo ndilo linalonisumbua kuhusu neno hili likitoka juu. Winga akisema "haso tu, kaka" kuna lawama ndani yake, kuna ile "tu" inayoeleza kwamba pangekuwa na kitu bora angekifanya. Kiongozi akilisema, "tu" imeanguka. Kukosa ajira kumekuwa kipaji. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mfuko uliopewa jina lilelile, Hustler Fund, mikopo ya simu ya kuanzia shilingi 500 za Kenya hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sidharau mkopo nafuu. Aliyewahi kukopa kwa wakopeshaji wa mtaani anajua asilimia 8 ni neema. Lakini shilingi 500 ni mtaji wa trei moja ya mayai, ukipata na chenji ya chumvi unachemsha na kuuza barabarani. Kazi ni kazi, sawa, ila serikali haichaguliwi kuwapa watu mtaji wa kuendelea kukimbizana na askari wa jiji.

Mtaa nao haukukaa kimya. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ya gari ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na rais hasla akapewa jina jipya: Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda juu ya mkuyu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipoingia mpaka ndani ya Bunge wakipinga muswada wa fedha, "Zakayo shuka" ilikuwa wimbo uliokwisha kukolea vinywani. Jina walilopewa na mwanasiasa walimrudishia, wakamtungia la kwao. Nadhani hilo ni jibu zuri kuliko la wale waliokimbilia kamusi. Kamusi ilishindwa kumwangusha hasla 2022. Kilichomvua jina ni bei ya petroli.

Kwa hiyo ukiniuliza kama haso ni neno baya, nitauliza limetoka kwa nani. Kesi ya asili yake imeshindwa, na ningependa isirudishwe tena mahakamani. Kesi ya utata wake naiona ina mashiko, lakini mshitakiwa wake asiwe kijana wa Mtaa wa Kongo. Na siku haso ikiingizwa kwenye kamusi ya Kiswahili sanifu, naomba wahariri wasiigawe namba moja ya wema na namba mbili ya wizi, kama kawaida yao. Waiandike kwa sentensi moja yenye vyote, maana ndivyo inavyoishi.

Viatu vilimbana mtoto. Jumatatu nikarudi na boksi langu. Mwenye duka akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hanijui: "Mimi sikukuuzia, mzee. Mtafute winga wako." Nikatoka nje kumtafuta, sikufika mbali. Mkono ukanidaka kiwiko. "Bosi wangu, viatu? Namba ngapi?" Hakunikumbuka hata kidogo. Nikamfungulia boksi, akacheka, akaingia ndani na namba 36, akatoka na namba 37, akaipekua soli kuhakikisha haina kasoro. Kisha akataka 2,000 ya usumbufu. Nikampa.