Dogo anajua KDS, wao wanamuuliza L.C.M.

Jumamosi iliyopita nimempeleka mpwa wangu kwenye intavyuu ya fomu wani, shule moja ya wavulana, ya bweni, ya binafsi, jina naliacha maana dada yangu bado ana matumaini nayo. Fomu tumenunua elfu thelathini. Hairudishwi, na hilo wameliandika kwa wino mzito kuliko jina la shule.

Tumemaliza, tumepanda daladala, dogo kimyaaa. Mbele kidogo ananiuliza, "Anko, eleciem ndo nini?"

Nikamwambia si ndo KDS hiyo, kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa. Aisee mngeona sura yake. Akaniomba peni, akageuza risiti ya ile fomu, akaandika 12, 18, 30, akachora mstari akaanza kugawa kwa mbili, kwa tatu, gari linaruka matuta na mkono unayumba, akamaliza kwa 180. Halafu kwa sauti ya chini, "kumbe nilikuwa naijua."

Nikakosa cha kumwambia, nikamnunulia karanga.

Sasa huyu ni mtoto wa kayumba. Miaka saba kasoma hesabu kwa Kiswahili, kama shule za serikali zinavyofanya tangu 1967, mzingo, kipeo, kigawe kidogo cha shirika, na Septemba hii hii kafanya mtihani wa taifa wa darasa la saba na karatasi ya Hisabati ilikuwa ya Kiswahili. Wiki chache tu baadaye anakalishwa chumba kimoja na watoto wa inglishi midiam anapewa hesabu ambazo za namba tupu ni mbili tatu, zilizobaki zote ni hadithi, sijui mkulima ana shamba la mstatili anataka kulizungushia uzio, nguzo ziwe mita ngapi ngapi. Hilo ni swali la mzingo jamani! La darasa la tano! Ila limevaa suti. Na ninyi wenye shule, kama mnataka kupima Kiingereza si mna karatasi ya Kiingereza kabisa, inajitegemea, kaifanya asubuhi, aboronge huko huko mumkate maksi huko huko. Ninyi mnamkata kwenye Kiingereza, mnakuja kumkata tena kosa lile lile kwenye hesabu, halafu mnatuandikia "hesabu ni dhaifu". Hesabu ipi? Hiyo iliyo nyuma ya risiti yenu ni nini?

Haya, najua mtakachosema, sekondari masomo ni Kiingereza, asiyekijua atateseka. Sawa. Nakubali, shingo upande lakini nakubali, na vitanda vya bwenini havivutiki kama mpira, lazima wengine waachwe. Ila hata serikali inajua mtoto hahami lugha kwa usiku mmoja, ndo maana fomu wani wa serikali wanaanza na kozi ya Kiingereza kabla ya kuingia kwenye masomo yenyewe. Waliosoma kayumba wakaja kuwa mainjinia mnao maofisini kwenu humo, waulizeni fomu wani waliianzaje.

(Kuna baba mmoja pale chini ya mwembe alikuwa anamkaririsha mwanae tebo ya nane mpaka kengele inalia. Mtoto anatetemeka, baba anatetemeka zaidi.)

Na shule za kuchuja hivi ndo zitakazobandika mabango ya division wani tupu matokeo yakitoka. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora tangu 2023, ila naona taarifa haijawafikia wenye mabango.

Jumatano meseji imeingia. Tunasikitika, kijana wako hakufikia kiwango, hesabu ni dhaifu. Nilitaka kuifuta, nikashuka chini nikakuta mstari mwingine, kwamba anakaribishwa prifomu wani hapo hapo shuleni kwao, miezi mitatu, laki nne na nusu bila godoro, "kuimarisha Kiingereza", na akifanya vizuri atafikiriwa tena Januari.

Kwa hiyo kinafundishika. Miezi mitatu tu, tena na wao wenyewe.

Nimemwambia dada tusilipe. Yeye jana kashaenda kwenye kikoba kuomba mkopo.