Nilikwenda Unguja Semina, Nikarudi Hamali

Jamani, mtu akikwambia "chukua na familia, ukimaliza semina mnatembeatembea mjini," muulize kwanza kama ana mtoto wa miezi 8. Akisema hana, mpe maji ya kunywa, badilisheni mazungumzo.

Barua ilinikuta ofisini Dodoma: semina ya utunzaji wa kumbukumbu, siku 3, Unguja. Wenzangu wote, "Aaa, Baba Neema unakwenda kula bata!" Kichwa kikavimba. Nikafika nyumbani nikasema, kwa mdomo wangu huu huu, "Mama Neema, kwa nini tusiende wote? Chumba kinalipwa na ofisi, kitanda ni kilekile." Hesabu ilikaa vizuri. Posho ya mmoja inalisha wawili, na Neema ananyonya. Nani alijua kwamba anayenyonya ndiye mwenye mizigo?

Mimi nilibeba mashati 3 na mswaki. Mama yake begi 1. Neema, ambaye hata jino la kupiga mswaki hana, alisafiri na pakiti 2 za nepi, chupa ya uji, unga wa lishe, beseni, chandarua, sweta (sweta, Unguja!) na kigari. Kigari ni kosa langu, nakiri. Mama Neema alisema kanga mbili zinatosha. Nikamwambia sisi ni watu wa kisasa.

Treni ya SGR sina ugomvi nayo. Neema alilala Dodoma hadi Dar kama mbunge wa kikao cha mchana.

Boti ndiyo. Sisi watu wa Dodoma bahari yetu ni vumbi. Wahudumu wakapita kugawa mifuko, nikadhani zinakuja korosho. Baada ya nusu saa nikayajua matumizi ya ule mfuko. Kila boti ikipanda wimbi Neema anacheka, ikishuka anapiga makofi, na mimi nimeinama. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akamwambia mke wangu, "Huyu mdogo hana neno. Huyu mkubwa ndiye wa kuombewa dua."

Sasa njooni Mji Mkongwe. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 ili usije ukaharibiwa, na kweli vile vichochoro wameviacha vilevile: vya kupita punda mmoja, naye awe amekonda. Huku baraza ya mawe, huku baraza ya mawe, nyuma vespa inapiga honi, mbele hamali na mkokoteni wa magunia ya mchele, katikati mimi na kigari cha kisasa. Kikakwama. Hakiendi, hakirudi. Wazee waliokuwa barazani na vikombe vyao vya kahawa wakatutazama kwa utulivu wa watu waliopata burudani ya bure.

"Yakhe, gari hiyo waipeleka wapi?"

"Hotelini, mzee. Kiponda."

"Kiponda ushaipita."

Walitunasua, Mungu awabariki, lakini kwanza walimaliza kahawa.

Chumba kilikuwa ghorofa ya 3. Lifti hakuna. Na hili ndilo linaloniuma: kesho yake tukapita ufukweni kwenye Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lile lililoporomoka upande mmoja mwaka 2020, wenyeji wakanieleza kwamba ndilo lililokuwa la kwanza hapa kuwa na lifti. Sultani alipanda lifti! Mimi napanda ngazi 54 za mbao, kigari begani, beseni kichwani. Nimezihesabu vizuri, maana kila tukifika chini tunakumbuka nepi ziko juu.

Ndani kuna kitanda cha samadari, kizuri, kimechongwa maua, kimo chake cha kupandia kistuli. Mama Neema akakitazama mara moja. "Mtoto akianguka hapo?" Godoro likashuka chini. Kwa hiyo siku 3 nimelala sakafuni pembeni ya kitanda cha kifalme. Adhana ya alfajiri ilitukuta macho wote watatu, na si kwa ucha Mungu.

Semina? Ilikuwapo. Mada ya kwanza niliisikia, ya pili nililala na kalamu mkononi. Nilipoitwa mbele kuwasilisha kazi ya kikundi, mwenyekiti akaninong'oneza kwamba begani nimecheuliwa. Chai ya saa 4 Mama Neema akaja "kutusalimia", kila siku, sambusa zikiwa bado za moto. Bosi akampokea Neema, akamweka mezani, na Neema akafanya alichokuja kufanya: akachana karatasi ya mahudhurio, akatia kipande mdomoni. Kwenye semina ya utunzaji wa kumbukumbu! Posho inalipwa kwa karatasi ile. Tulipomtia kidole kukitoa, tukakuta majina ya wenzangu ni salama. Lililotafunwa ni la baba yake.

Jioni nikasema basi, twende Forodhani kama watu. Nimenunua urojo, nimenunua mishkaki ya pweza, nakaa ukutani nitazame vijana wanavyochupa baharini. Neema naye anataka kuchupa. Nikamshika kwa mikono miwili, na paka wa Unguja wanajua mtu mwenye mikono miwili imeshikwa. Pweza akaenda. Bado nalia na pweza, bibi mmoja akasimama mbele yetu. "Magharibi hii mtoto mchanga yuko nje? Na wanja hamjamtia?" Akamchukua Neema bila kuomba ruhusa, akatoa wanja kwenye pochi. Neema akarudi na nyusi mbili nene kama za hakimu, anatutazama kama sisi ndio washitakiwa.

Siku ya kuondoka Mama Neema akapita Darajani. Karafuu, mdalasini, kanga doti 4, na fenesi la mama mkwe, zito kuliko Neema. Neema kafungwa mgongoni kwa kanga, kalala fofofo. Fenesi likapanda kigari. Nikalifunga mkanda, nikalifunika kanga lisipigwe jua, nikalisukuma hadi bandarini.

Kwenye foleni ya boti bibi mwingine akanisogelea, uso umejaa huruma. "Baba wa watu anavyolea! Hebu nimuone." Akainama, akafunua kanga. Akakaa kimya kidogo. Akalitazama fenesi, akanitazama mimi.

"Mashallah," akasema. "Kachukua kwa babake."