Mwalimu wa hesabu na wa Kiingereza waandae wiki pamoja

Jumapili jioni ndo muda wangu wa kuandaa wiki, nafungua azimio la kazi, navuta daftari la maandalio naanza kugawa vipindi vya hesabu vya kidato cha kwanza. Zamani nilikuwa naandaa peke yangu na mwalimu wa Kiingereza anaandaa kivyake, tunaonana kwenye chai ya saa nne basi. Siku hizi sikubali tena.

Kuna siku niliandika ubaoni "Subtract 7 from 15", swali la kuwachangamsha tu mwanzo wa kipindi. Napita kwenye madawati nakuta 7 - 15 = -8, daftari baada ya daftari. Nikajua shida ni namba hasi, nikaanza kurudia mstari wa namba na dakika 40 zenyewe ndo hizo zinaisha. Mwisho nikamwinamia binti mmoja nikamwambia mama, toa 7 kwenye 15, akajibu 8 pale pale hata kalamu hakushika. Na ile -8 yake ukiitazama vizuri kapiga hesabu sawasawa kabisa, aliyemwangusha ni hako kaneno from.

Hawa watoto wengi wametoka shule za msingi za serikali, miaka saba wamesoma hesabu kwa Kiswahili. Shufwa, witiri, tasa, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) wanavijua. Januari wanaingia sekondari, masomo ni kwa Kiingereza, kila kitu kimebadilishwa jina, KDS imekuwa LCM, tasa imekuwa prime, na wiki chache za kuwazoesha lugha zikiisha tunaanza kusema darasa hili hesabu hawajui. Inaniuma sana hii kauli kwa sababu mi nimeona kwa macho kwamba wanajua.

Kwa hiyo mwenzangu wa Kiingereza anapofundisha vihusishi, ile wiki nina matendo manne, namwomba aache kidogo mifano ya "the book is on the table" achukue from, by, to na of. Aulize sukari ikiwa 2,800 halafu ikapanda by 3,000, yaani imeongezeka 3,000, na ikipanda to 3,000, yaani imefika 3,000, ipi inamuumiza mama nyumbani? Darasa zima linaamka. Anapofika kwenye kulinganisha vitu, less than na more than, na mimi ndo niingize alama zangu za kubwa kuliko na ndogo kuliko, isiwe mwezi mmoja baadaye.

Katikati ya wiki wanatunga wenyewe maswali ya sokoni kwa Kiingereza kwenye kipindi chake, kesho yake kwangu wanabadilishana madaftari wanakokotoa. Ijumaa maswali matano tu maana darasa lina watoto zaidi ya 70, ila kila swali lina alama mbili, ya kuelewa sentensi na ya kukokotoa, hapo ndo unajua mtoto amekwama wapi.

Wapo watakaosema silabasi inakimbia, muda huo hakuna. Mimi vipindi nilivyopoteza kurudia mada ambayo mtoto alishaielewa tangu darasa la sita ni vingi kuliko hiyo nusu saa ya kukaa na mwenzangu. Ninachowaomba watu wa taaluma, mkipanga ratiba tuachieni sisi wawili kipindi kimoja cha wazi siku ya Ijumaa, tena kiwe saa ile ile, maana mmoja akiwa darasani na mwingine yuko huru haitusaidii kitu.

Wiki ijayo naingia asilimia. Nimeshampigia simu mwenzangu, neno letu ni of na mfano wetu ni viatu vya shule vya 30,000 vilivyopunguzwa asilimia 20, na mtoto akipata 6,000 aseme kwa sentensi nzima ya Kiingereza kama hiyo ndo bei au ndo punguzo.