Sindano ya Texas na mgongo wa hamali wa Kongowea

Hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, akishikwa na mgongo, kwanza hukandwa kwa mafuta ya nazi. Yakishindikana, na akiwa na uwezo, huenda kwa tabibu wa kairopraktiki, anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Suala langu ni hili: kabla ya kuunyoosha, sheria imruhusu tabibu huyo auchunguze kwa vipimo gani?

Huko Texas, Marekani, swali hili limezungushwa mahakamani kwa miaka. Sheria ya jimbo hilo inamruhusu kuchunguza uti wa mgongo pamoja na mifupa na misuli, lakini inamkataza kuchanja mwili au kufanya upasuaji, na sindano inayoitaja kuwa ruksa ni ya kutoa damu ya vipimo. Bodi ya fani hiyo iliporuhusu sindano ya kupima umeme wa misuli, chama cha madaktari kilikwenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaifuta ruhusa hiyo. Mwaka 2021, hata hivyo, Mahakama ya Juu ya Texas iliiachia bodi kipimo kingine, cha kuangalia jinsi macho ya mgonjwa yanavyochezacheza.

Wanaotaka tabibu huyo aruhusiwe vipimo zaidi, kama picha ya eksirei, wana hoja nzito. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na saratani vilevile. Anayezikandamiza pingili kama hizo bila kuziona anaweza kumpoozesha mtu. Wapinzani hujibu kwamba eksirei huweza kutoka safi huku kifua kikuu ndiyo kwanza kinaanza, na kwamba mwenye mtambo akiwa ndiye mwenye kitanda cha kunyooshea, kila mgongo utaonekana unahitaji picha. Mwamba ngoma, kama tujuavyo, huvutia kwake.

Mimi naona mpaka usiwekwe kwenye kifaa, bali kwenye uwezekano wa mtu wa pili kuyasoma majibu. Sindano ya misuli husomwa ikiwa bado mwilini, mgonjwa akikaza na kulegeza, kwa hiyo ibaki kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Picha ya eksirei inaweza kubebwa ikasomwe kwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 tayari inadai leseni kwa mitambo ya mionzi, lakini usalama wa mtambo ni jambo moja na usomaji wa picha ni jingine. Tabibu na aagize picha. Hamali atoke na ile bahasha yake kubwa ya kaki, ndani yake mna maelezo yaliyotiwa saini na mtaalamu wa radiolojia asiyelipwa kumnyoosha.